Jirani Mwenye Njaa

Sehemu ya Tisa

Tulipoachana wiki jana, Loth alikuwa ameshika mlango wa lori kwenye kizuizi cha Matai, na Agnesi, akiwa bado amekaa pembeni ya dereva, alikuwa ameuliza swali moja tu: mdogo wangu Isdori yuko wapi?

Loth alitazama magunia ya mahindi yaliyopangwa hadi juu ya bodi. Akatazama barabara inayoteremka kwenda Kasanga, ziwani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama Kristiana, Isdori wamemshika. Yuko mikononi mwa wanajeshi wa ng'ambo."

Agnesi akateremka. Alijifunga upya kitenge chake, akakikaza kiunoni kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo, wala hakulia.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani: Agnesi, au Mama Kristiana, ni yule mjane wa Malangali, mjini Sumbawanga, aliyeanza kununua mahindi ya wakulima wa Pito mara tu serikali ilipoachia biashara ya nafaka. Chama cha ushirika kilipoacha kuja, yeye alikuja. Soko lake lilikuwa nchi ile kubwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchi ya madini na majeshi, ambayo tangu vita vilipuke huko ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kulima. Isdori ndiye aliyekuwa akivuka na mzigo kwa niaba ya dada yake.

Na Loth? Loth ni afisa wa usalama, Mfipa mwenzake, aliyepata naye kipaimara siku moja katika kanisa moja. Ndiyo maana alimweleza zaidi ya alivyopaswa.

Alimweleza kwamba tangu asubuhi ile mpaka ulikuwa umefungwa kwa nafaka yoyote. Kwamba kapteni mmoja wa ng'ambo amekusanya askari wake ufukweni, mkabala na Kasanga, na anakusanya pia mashua. Kwamba wachuuzi wa dagaa wameleta salamu zake: Isdori ataachiwa siku mahindi yaliyobaki yatakapofika.

"Sasa unanizuia," Agnesi akasema, "na unajua roho ya mdogo wangu iko ndani ya magunia haya."

"Nakuzuia kwa sababu jeshi lenye njaa halitembei. Ukililisha, umelipatia miguu. Na sisi tuko ng'ambo ya pili tu ya maji."

"Bwana Loth, jirani mwenye njaa akijua ghala lako limejaa, atangoja umwalike?"

Lilikuwa swali ambalo hata Loth alikuwa amejiuliza, na hakulipenda. Akamwamuru dereva ageuze lori. Halafu, badala ya kubaki kizuizini, akapanda mwenyewe na kukaa pembeni ya Agnesi, akasema kuwa wanangojwa mkoani, wote wawili.

Agnesi alijua anakwenda kufungwa.

Hakufungwa. Alipoingia katika chumba cha mkutano, wakubwa walisimama, wakampa kiti, wakamletea chai yenye maziwa. Hapo ndipo alipoogopa kweli kweli. Serikali inapokukaripia unajua imekasirika. Inapokupa chai, inataka kitu.

Mzee aliyeongoza kikao alizungumza bila ukali. Alisema nusu ya maduka ya Sumbawanga yanaishi kwa vitenge na sabuni kutoka ng'ambo, na wakulima wa Ufipa wanaishi kwa tumbo la ng'ambo. Nchi kubwa kama ile, alisema, huwezi kuifungia mlango bila kujibana vidole. Lakini huwezi pia kulala mlango ukiwa wazi, na mwenye nyumba ya jirani anachezea bunduki uani.

Agnesi akaomba ruhusa ya kusema. Aliwaeleza juu ya Pito, jinsi mahindi yalivyojaa vihenge vyote hadi watu wakayalundika nje na kuyafunika turubai, na mvua za kwanza zimeshaanza kunukia mlimani. Aliwaambia wakulima wale walimpa mahindi yao kwa kumwamini uso tu. Kama mpaka utabaki umefungwa, mahindi yataota yakiwa ndani ya magunia, na mwakani hakuna atakayeshika jembe.

Baadhi ya wakubwa wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Agnesi akaona kama ameshinda.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Masunga.

Masunga alikuwa Msukuma mfugaji, aliyehama na ng'ombe wake kutoka kaskazini miaka mingi nyuma, akajenga pembeni ya Izia. Naye aliuza ng'ambo. Kila msimu alipeleka ng'ombe ziwani, na Agnesi alifurahi kumwona, kwa maana hapa sasa alikuwa amepata mwenzake wa kumsaidia. Mfugaji na mwenye mahindi, wote soko lao moja.

Masunga akawaamkia wazee, akakataa kiti.

"Mimi nasema mpaka msiufungue," akasema.

Agnesi aliweka kikombe chini.

Masunga aliwasimulia, taratibu, kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani, kwamba safari ya mwisho wanunuzi hawakuja na vitenge wala sabuni. Walifunua turubai wakamwonyesha bunduki. Walimwambia achague. Yeye alikataa, akarudisha ng'ombe wake nyumbani wakiwa wamekonda kwa safari ya bure. Lakini hakuwa mfugaji peke yake ufukweni siku ile, na si wote waliorudi na ng'ombe.

"Leo ng'ombe wangu wakiingia kwenye shamba la Mfipa pale Izia, tunaitana kwa mwenyekiti wa mtaa, tunatukanana, nalipa, tunakunywa pombe," akasema. "Bunduki zile zikishafika vijijini, nani ataitwa kwa mwenyekiti? Mama Kristiana, mimi sina ugomvi na mahindi yako. Lakini mahindi yako na ng'ombe wangu vinapita njia moja, na njia hiyo hiyo ndiyo inayorudi na zile bunduki."

Agnesi alikuwa mwanamke anayejua kubishana na madereva, na makarani, na hata mapadre. Lakini mtu huyu alikuwa amekula hasara kwa ajili ya jambo analolisema. Utambishia nini?

Uamuzi ukatolewa pale pale. Mpaka utabaki umefungwa. Isipokuwa kwa safari moja.

"Yako," mzee akamwambia Agnesi.

Atavuka na mahindi yake, atamkomboa mdogo wake, na akiwa huko atatazama. Hatabeba silaha, hatauliza kitu, ataangalia tu: mashua ziko wapi, askari wana hali gani, midomo ya bunduki zao imeelekea wapi. Akirudi atamweleza Loth.

Walipotoka nje kwenye baridi, upepo wa Ufipa ukipeperusha vumbi la barabara, Agnesi alimgeukia Loth. "Nilipoingia mle ndani nilikuwa mfanyabiashara."

"Bado ni mfanyabiashara," Loth akamjibu, na macho yake hayakuwa na raha. "Ndiyo maana watakuruhusu ushuke."

Nyumbani Malangali alimkuta wifi yake Bertha, mke wa Isdori, akipepeta ulezi uani, tumbo la ujauzito limemfanya akae upande. Agnesi alikuwa amepanga amweleze nusu tu. Bertha alikuwa ameshasikia yote sokoni, tena na chumvi imeongezwa.

Hakumlaumu. Hakumuuliza kwa nini mume wake ndiye aliyetumwa kuvuka kila mara. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi, ndipo akanyanyua uso.

"Wifi, unakwenda kumchukua mume wangu, au unakwenda kuwapeleleza wale watu?"

"Vyote viwili."

"Basi kimoja kitakushinda," Bertha akasema. Akainuka kwa shida, akaenda kumfungia mikate ya safari.

Kesho yake jua lilipochomoza juu ya Kasanga, mashua ya Polikarp ilikuwa imeshajaa. Polikarp alikuwa nahodha mzee asiyependa maneno. Alimuuliza Agnesi jambo moja tu, kama anajua kuogelea. Agnesi akasema hajui. Polikarp akasema afadhali, maana wanaojua huwa wanahangaika, kisha akawasha injini.

Walifika ng'ambo jua likiwa utosini.

Agnesi alikuwa ametegemea kuona jeshi. Aliona vijana waliokonda, makoti yamewapwaya, wengine wamevaa ndala, bunduki zimewaning'inia kama majembe ya mtu mwingine. Nyuma yao, kwenye matete, walikuwapo wanawake na watoto wengi mno, wamekaa chini, hawapigi kelele. Watoto wasiopiga kelele. Hilo lilimshtua kuliko bunduki.

Akakumbuka kazi aliyotumwa. Midomo ya bunduki imeelekea wapi? Akatazama vizuri. Walinzi wote walikuwa wamelipa ziwa mgongo. Walikuwa wanalinda njia ya nyuma yao, iliyotoka milimani.

Kapteni akaja kumpokea. Jina lake Tambwe, mtu wa makamo, mwenye ndevu zenye mvi na adabu nyingi. Akamkaribisha kwa Kiswahili cha kwao, akamshika mkono kumsaidia kukanyaga nchi kavu, akaamuru mahindi yaanze kushushwa. Agnesi akasema hapana, kwanza amwone ndugu yake.

"Huyo hapo," kapteni akasema.

Isdori alikuwa amesimama kando ya mashua nyingine. Hakuwa amefungwa. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amevaa koti la jeshi la ng'ambo, na alikuwa akiwaelekeza wabebaji pa kupanga magunia.

Msomaji, hebu jiweke hapo. Umevuka ziwa kumkomboa mdogo wako, mke wake ana mimba, serikali nzima imekutumainia, halafu unamkuta amevaa koti la watu waliomteka.

Mambo mengi yalimpitia Agnesi kichwani kwa mara moja, na yote yalikuwa mabaya. Labda hakutekwa kamwe. Labda salamu zile za wachuuzi wa dagaa alizituma mwenyewe.

Isdori akamfikia, akamkumbatia kama kawaida ya ndugu waliopoteana. Mdomo wake ulipokaribia sikio la dada yake, akabadili lugha, akaongea Kifipa, haraka, cha nyumbani.

Alisema koti amevalishwa kwa sababu ya baridi ya usiku tu, na kuwasimamia wabebaji amelazimishwa. Akamwambia asimamishe kushusha mzigo sasa hivi. "Dada, mashua wameficha nyuma ya rasi ile. Nyingi. Wanangoja mahindi haya, washibe, wavuke kuja kwetu. Nimewasikia. Ukishusha, umewaleta nyumbani."

Agnesi akageuka kumtafuta Polikarp kwa macho. Wabebaji hawakuwa wamemngoja: mahindi nusu yalikuwa yameshafika mchangani, nusu bado yako ndani. Kama wangesukuma mashua sasa hivi, kama injini ingekubali mara moja...

"Ni kweli tunavuka," sauti ikasema nyuma yake.

Ilikuwa sauti ya kapteni Tambwe. Na alikuwa amesema kwa Kifipa. Si Kifipa cha kuokoteza sokoni. Kifipa safi, chenye lafudhi ile ile ya watu wa Pito, kana kwamba mtu amechota maji kwenye kisima chao.

Mikono ya Isdori ikaanguka kutoka mabegani kwa dada yake. Siku zote alizokaa pale, alikuwa amesali na kuzungumza peke yake kwa lugha ile, akiamini ni kificho chake.

Kapteni hakuonekana kukasirika. Alisema mama yake alikuwa binti wa Pito, aliolewa huku zamani, wakati watu wakivuka ziwa kwenda kuoa bila kuulizwa na mtu. Alisema amemsikiliza Isdori kila siku na hakusema kitu, kwa sababu ilikuwa raha kusikia lugha ya mama yake ikisemwa tena.

"Tunavuka," akarudia, "lakini hatuji kupigana na nyinyi. Tunakimbia."

Aliwaeleza kwamba wanaowafukuza wako nyuma ya milima ile, na wakifika ufukweni hawatachagua askari na mtoto. Wale waliokaa kwenye matete ni wake zao, na wazazi wao, na watoto wao. Wengi hawawezi hata kukaa ndani ya mashua bila kuzirai kwa njaa. Ndiyo maana walihitaji mahindi kwanza. Na alimshika Isdori kwa sababu bila Isdori hakuna mfanyabiashara ambaye angerudi. Alikiri hilo ni kosa, na akasema angelifanya tena.

Agnesi akamuuliza kuhusu bunduki ambazo Masunga alionyeshwa badala ya vitenge.

Kapteni akainamisha uso kidogo. Alisema kuna askari wake waliouza kila walichokuwa nacho ili watoto wao wale nyama, naye hakuwazuia. Bunduki ndiyo mali pekee iliyobaki katika nchi yake.

"Na zilizobaki? Mtavuka nazo?"

"Mama, nikiwaambia waziache huku, wanaotufuata watatuua kabla hatujaingia majini. Nikiwaambia wazibebe, ndugu zako watatuua tukitokeza Kasanga. Niambie wewe. Huko kwenu kuna mtu anayeweza kusikiliza kwanza kabla ya kupiga?"

Agnesi alimfikiria Loth na macho yake yasiyo na raha. Akamfikiria pia Masunga. Kila mtu aliyemsikia tangu Matai alikuwa na haki, na haki zao hazikuenea katika mashua moja.

"Yupo mmoja," akasema.

Basi mmoja wenu akamwambie, kapteni akasema. Mmoja. Mwingine atabaki.

Isdori akasema atabaki yeye, alishazoea. Agnesi akamwambia avue koti la watu.

Walibishana kwa Kifipa, na sasa hakukuwa na sababu ya kunong'ona. Isdori alisema hawezi kurudi nyumbani amemwacha dada yake mateka. Watu wa Malangali watamwitaje? Agnesi akamwambia watamwita baba, hivi karibuni, kama akiwahi. Bertha anakaa upande siku hizi, akamwambia. Hapo Isdori akavua koti taratibu, akalikunja, akaliweka juu ya gunia.

Agnesi akamshika kidevu, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo.

"Mwambie Loth yote. Mashua, bunduki, na hawa watoto. Usimpunguzie hata moja ili apendezwe."

Mahindi yalipokwisha kushushwa, Polikarp akasukuma mashua. Isdori alisimama nyuma, uso umeelekea kwa dada yake, mpaka injini ikamezwa na upepo na yeye akawa kitu kidogo cheusi juu ya maji.

Agnesi alipogeuka, alikuta kumekuwa na vurugu.

Askari walikuwa wameshachana magunia. Walikuwa wanasukumana, wanajaza kofia, wanajaza mifuko ya makoti, wengine wanatafuna mahindi makavu yasiyopikwa huku meno yakilia. Wanawake waliokuwa wamesogea na mabakuli yao walirudishwa nyuma kwa vitako vya bunduki. Bibi mmoja alikuwa amepiga magoti pembeni, anaokota punje zilizomwagika, anapuliza mchanga, anaweka kwenye kanga.

Kapteni akaamuru wakae foleni. Waliomsikia walikuwa wachache. Wengine walimsikia na hawakutii, na Agnesi akaona katika uso wa mtu yule jambo ambalo hakulisema alipokuwa akijieleza: jeshi lake lilikuwa linamtoka mikononi. Ahadi yake kwamba hawaendi Kasanga kupigana, angeweza kuitimiza?

Agnesi akapita katikati yao. Walimpisha kwa mshangao tu. Akachukua debe lililokuwa mchangani, akapanda juu ya magunia yaliyosalia, akasimama.

"Mahindi haya hamjayalipa," akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Bado ni yangu. Na kwetu mwenye mahindi ndiye anayepima. Nitaanza na wale."

Akaonyesha kwenye matete.

Hakuna aliyesogea. Agnesi akainama, akajaza debe, akamwita yule bibi. Bibi akaja, kanga ameishika kwa mikono miwili. Mahindi yakamwagika ndani yake, na kwa muda ilikuwa sauti pekee ufukweni.

Ndipo askari mmoja mrefu, mwenye macho mekundu, akatoka kwenye kundi. Akamsogeza bibi kando kwa bega, akasimama mbele ya Agnesi, akanyoosha kofia yake ijazwe. Agnesi akamtazama. Akajaza debe tena, akampita pembeni, akamwita mtoto wa kwanza.

Askari akashusha kofia. Akashusha bunduki begani.

Nyuma yake, kapteni Tambwe akanyanyua mkono juu, na hakuna mtu pale ufukweni, wala yule askari, wala Agnesi mwenye debe mkononi, aliyejua kama anaomba kimya au anatoa amri ya kupiga.